Gari Jipya, Mguu wa Zamani

"Gari jipya, mguu wa zamani." Ndivyo nilivyomwambia mjomba wenu asubuhi. Yeye, mwalimu mstaafu, amefungua duka juzi tu, na leo kamwambia mteja anyooshe mkono kabla ya kuuliza bei ya sukari. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka nyumbani kwetu Korogwe, na aliyeyasema kwanza ni marehemu mama yangu.

Baba yetu, Mzee Shekiondo, aliendesha lori la mkonge miaka ishirini na saba. Mama alipotaka kwenda kwao Soni, kule milimani, alipanda lori hilohilo, akafika na nyuzi za mkonge kichwani. Bibi yetu akimwona anashuka alimuuliza, "Mwanangu, leo umeletwa au umepakiwa?" Watu walicheka, lakini baba aliona haya. Akamwahidi mama kwamba iko siku atampeleka kwa mama yake kwa gari lisilobeba kitu ila yeye.

Alipostaafu alinunua gari la mbio kwa mtu wa Tanga aliyekwisha kulitumia. Lilikuwa jekundu, fupi, la gia za mkono, lenye viti viwili basi. Mama alilizunguka, akauliza mzigo unakaa wapi.

"Hakuna pa kukaa mzigo," baba akajibu. Nilikuwa binti mkubwa wakati ule, na sijaona tena mtu mzima akifurahi namna ile.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Gari lilianza kunuka kitu kilichoungua, na kwenye mwinuko injini ililia bila gari kwenda. Fundi Mbelwa alilifungua, akakuta klachi imeisha, akafunga mpya. Siku ya nne harufu ikarudi. Baba akasema ameuziwa ubovu. Muuzaji alikuwa muungwana, alikubali kulipokea gari lake mradi lifike kabla ya Ijumaa. Baba alitaka kulirudisha, lakini roho ilimuuma, maana macho ya bibi yalikuwa yakififia kila mwezi. Gari likirudi Tanga, mpaka apate jingine ahadi ingetimizwa mbele ya mtu asiyeona.

Alhamisi asubuhi alimchukua mama amsindikize. Gari hilo lilikuwa chini sana, na mama alikaa kushoto kwake, goti kwa goti. Kwenye lori asingeweza kuona miguu ya baba, kwa kuwa palikuwa na vifurushi katikati. Siku hiyo aliiona. Walipofika Hale harufu ikaanza.

"Baba Saumu," mama akasema, "mguu wako wa kushoto unafanya nini hapo?"

"Hapo wapi?"

"Juu ya hicho kikanyagio. Tangu nyumbani hujauondoa."

Baba akatazama chini. Lori lake lilikuwa na tabia ya kuruka gia kwenye mteremko, kwa hiyo alizoea kuuweka mguu juu ya klachi, tayari. Kikanyagio cha lori kilikuwa kigumu, mguu mzima ukilala juu yake hakishuki. Cha gari hili uzito wa kiatu ulitosha kukishusha, na klachi ikawa inaungua njia nzima.

"Mama Saumu, sikujua kama mguu uko pale," baba akasema.

"Gari jipya, mguu wa zamani," mama akamjibu. "Uvute nyuma, twende."

Akauvuta. Gari likashika mwendo, harufu ikakata. Haikupita dakika mguu ukarudi mahali pake, na mama akamgusa goti. Ukarudi tena, akamgusa tena. Baba akageuza gari palepale, na safari ya Tanga ikawa ya Soni. Kona zote zile za mlimani mama alizipanda mkono wake ukiwa juu ya goti la baba. Bibi alitoka nje, akalisogelea lile jekundu mpaka pua ikakaribia bati, akamtazama mwanawe akishuka.

"Leo umeletwa," akasema.

Hadithi ingeishia hapo, na watu wa Korogwe huishia hapo wanapomcheka mtu aliyeingia na mazoea yake mahali papya. Mimi nina kipande kimoja zaidi.

Mama alipokwisha kufariki, mjomba wenu alimnunulia baba gari la otomatiki, lisilo na klachi kabisa. Siku moja nilikaa kushoto kwake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa nyuma karibu na kiti, na goti limeelekezwa upande wangu.

"Baba, unyooshe mguu," nikamwambia. "Hapo mbele hakuna cha kukanyaga."

"Najua, Saumu," akasema. "Lakini mama yako akikuta nimeunyoosha, atanigusa."

Niliweka mkono juu ya lile goti, tukaenda hivyo mpaka nyumbani. Gari jipya, wanangu, mguu wa zamani.