Udongo wa Nakiete Chini ya Jua

Mwanamke mmoja, jina lake Nakiete, alikuwa na shamba la nyanya mlimani, juu kabisa ya mfereji, aliloachiwa na marehemu mumewe. Jumatatu ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi, mche mmoja ulilala ungali kijani, kama mtu aliyeitwa katikati ya chakula. Akalikata shina, akalitumbukiza katika glasi ya maji. Uzi mweupe ukashuka taratibu kutoka kwenye kidonda. Ndiyo dalili ya mnyauko, ugonjwa unaoishi udongoni na kusafiri na maji. Dawa zote alizonyunyizia majani zilikuwa zimepita juu ya adui. Adui alikaa chini, udongoni.

Kabla ya Krismasi shamba lote lilikuwa limekufa, tuta kwa tuta. Na desturi ya ukoo ilikuwa hii: ardhi isiyozaa misimu mitatu hupewa mwingine. Huu ulikuwa wa pili.

Bwana shamba alikwisha kuwafundisha wakulima wote kijijini: ng'oeni miche iliyougua mkaichome, changanyeni udongo na majani ya kabichi yaliyokatwakatwa, mwagilieni, kisha funikeni kwa nailoni angavu, jua la kiangazi liupike. Nakiete aliyafanya yote, isipokuwa moja. Alinunua nailoni nyeusi, ili mpita njia asione matuta matupu akauliza. Akazibana kingo kwa udongo, akangoja. Kila alipoingiza mkono chini yake, alikuta uvuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Siku moja wifi yake Navoneiwa, dada wa marehemu, aliyelima upande wa chini wa mfereji uleule, alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akasimama, akaiangalia nailoni, akacheka kwa utani wa mawifi.

“Wifi, umemzika nani humo, hata jua hutaki limwone?”

Nakiete hakucheka. Maji ya shamba lake yalishukia kwa huyu, na ugonjwa ungeshuka nayo. Akaikunja nailoni nyeusi mchana kweupe, huku akimweleza wifi yake habari yote ya ule uzi mweupe. Kisha akanunua nailoni angavu, akaitandika, na kijiji kizima kikaona.

Ndipo alipoiona ajabu. Chini ya nailoni udongo ulitoka jasho, matone yasiyohesabika, kila tone na jua lake ndani. Joto likapanda hata mkono haukuvumilia. Hapakuwa na kuni wala moshi. Mwanga ulikuwa umeruhusiwa kuingia, basi. Nakiete akapiga magoti pembeni ya tuta.

Masika yalipofika akapanda tena. Miche michache ilinyauka. Mingine yote ikasimama palepale ile ya kwanza ilipofia, ikazaa mpaka vijiti vyake vikainama. Wazee wa ukoo walikuja kuamua. Walitembea kati ya matuta, mmoja akavua kofia, wakaondoka bila kuitaja ardhi.

Asubuhi iliyofuata Nakiete aliosha jembe lake, lisibebe ugonjwa, akashuka hadi kwa Navoneiwa, ambako miche ilikuwa imeanza kulala, wakainama wote wawili kuing'oa.

Je, wewe unayesikia haya, ni nani aliye chini ya mfereji wako?