Spika za Mihayo na Mashine ya Gemu

“Sauti haipotei, hukosa njia.” Jana mliisikia methali hii kikaoni, wakiambiwa wale ndugu wawili walionuniana tangu msiba wa mama yao, na leo mmekuja kuniuliza ni wahenga gani walioitunga. Haina wahenga, wajukuu zangu. Ni changa kuliko ninyi nyote, na ilizaliwa hapa hapa Tabora, katika nyumba inayopakana na yangu. Ilikuwa hivi.

Jirani yangu Mihayo alipiga muziki kwenye maharusi kwa miaka mingi. Alikuwa na spika mbili kubwa za mbao, na amplifaya nzito ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuibeba. Alikuwa msemaji kweli kweli. Ukipita kwake kuazima jembe, utatoka jua limezama. Mkewe ni Nyamizi, na watoto wao ni wawili: Kabula, aliyeolewa Mwanza, na mdogo wake Luhende.

Luhende alikuwa chuoni alipoanza kusumbuliwa na presha ya macho. Walihangaika hospitali hii na ile, lakini ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Alirudi nyumbani akiwa haoni.

Tangu siku ile Mihayo alibadilika. Aliacha maharusi, akazifungia spika stoo. Kwa mwanawe ndiyo kabisa, alikuwa kama amefungwa ulimi. Akiingia sebuleni akamkuta Luhende amekaa palepale kwenye kochi, alimgeukia Nyamizi na kumuuliza, “Luhende amekula?” Au, “Mwanao analala vizuri siku hizi?” Luhende alisikia yote, akainamisha kichwa. Naye polepole akaacha kusema. Mihayo hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu pa kuanzia, na kila siku iliyopita ilizidi kumfanya asijue.

Basi Kabula akaja likizo na mashine ya gemu, zile za kisasa. Majirani tulishangaa. Gemu kwa asiyeona? Lakini Kabula alikuwa amesikia kwamba yapo magemu ya mapigano ambayo mtu anaweza kucheza kwa masikio. Ngumi ina sauti yake, teke lina sauti yake, na hatua za adui husikika zikitoka upande aliko. Na mdogo wake, kabla ya kuugua, hakuwa na mpinzani mtaa mzima.

Kabula akaunganisha mashine na runinga kwa ule waya mmoja mpana. Picha ikaja, sauti ikaja. Luhende akashika pedi ya kuchezea. Akapigwa. Akapigwa tena. Akaiweka chini.

“Dada, sauti yote inatoka mahali pamoja,” alisema. “Sijui kama yuko kushoto au kulia. Ningepata spika mbili, moja huku na moja huku, ningeweza.”

Mihayo alikuwa mlangoni. Alikwenda stoo, akarudi amekumbatia spika moja, akaenda kuleta ya pili, kisha amplifaya. Akafuta vumbi kwa kanga ya mkewe, naye Nyamizi siku hiyo hakulalamika.

Kisha akaugeuza mgongo wa ile mashine atafute matundu ya waya mwekundu na mweupe, kama alivyozoea. Hayakuwapo. Akapapasa juu, akapapasa chini. Akaitwa fundi wa mtaani, akatazama, akacheka. “Mzee, hizi za kisasa hazina matundu hayo. Tupa magogo haya, ununue spika mpya.”

Fundi akaondoka. Mihayo akaanza kukunja waya zake.

“Mama Kabula,” alisema, “mwambie mwanao haiwezekani.”

“Niambie mwenyewe, baba.”

Luhende alisema taratibu, lakini Nyamizi aliniambia kuwa hata kijiko alichokuwa amekishika yeye kilimdondoka. Mihayo akamgeukia mwanawe, waya mkononi.

“Haiwezekani, mwanangu,” alisema hatimaye. “Nimetafuta kila mahali. Sauti imepotea.”

“Haijapotea. Si tumeisikia kwenye runinga? Imefika mle, imekosa njia ya kutokea. Nipeleke nyuma ya runinga.”

Mihayo akamshika mkono. Luhende akapitisha vidole nyuma ya runinga taratibu, akatulia pembeni, chini kabisa. “Hapa. Kitundu cha mviringo. Si cha hedifoni hiki?”

“Ndicho!” Mihayo alisema. “Na waya wake ninao! Ule niliounganishia simu kwenye maharusi, huku kichwa kimoja chembamba, huku viwili, chekundu na cheupe!”

Wakaunganisha. Kimya. Safari hii Mihayo hakukunja waya. Alichukua rimoti, akaanza kumsomea mwanawe yaliyoandikwa kwenye runinga. “Picha. Lugha. Sauti. Sauti itokee wapi: spika za runinga, hedifoni…”

“Hapo, baba. Hedifoni.”

Spika zikanguruma, hata mimi huku kwangu nikatoka nje. Luhende akacheza kidogo, mara akaangua kicheko. “Baba, umezigeuza! Adui huanzia kulia daima, namsikia kushoto!” Mihayo naye akacheka, akavibadilisha mahali chekundu na cheupe. Mwanawe akampiga yule adui hadi akalala.

Kisha Mihayo akashika pedi ya pili akaketi. Alipigwa vibaya mno, kijana haoni na baba anaona. Katikati ya kupigwa, macho yakiwa kwenye runinga, alisema, “Luhende, nilikuwa naogopa kusema na wewe. Nilihisi kila neno nitakalosema litakuumiza.”

“Kimya ndicho kilichoniumiza, baba.”

Pedi ziliendelea kugonga. Na kuanzia jioni ile, sauti zao mbili zilipenya ukuta hadi kwangu, wakibishana na kutaniana, na Mihayo alirudi kuwa yule yule wa kukuzuia na jembe la kuazima mkononi.

Ni Nyamizi aliyeyatoa maneno ya mwanawe nje ya nyumba. Mwenzetu mmoja alikuwa analia kisimani kuwa binti yake aliye ugenini hapigi simu tena, kwamba amekwisha kumsahau mama. Nyamizi akamuuliza, “Wewe umempigia?” Yule mama akatikisa kichwa. Nyamizi akamwambia lile neno, na kesho yake simu ikapigwa, ikapokelewa kwa kilio. Tangu hapo tunaambiana hivyo.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkimwona mtu amewanyamazia, msiseme hana la kusema, wala msitume wajumbe kwa aliye mbele yenu. Kaeni naye, mkaitafute njia taratibu, kama Luhende nyuma ya runinga, mpaka mfike. Sauti haipotei, hukosa njia.