Msitu Uliofanyiwa Msiba

Penye wajenzi hapana miti. Najua wahenga waliisema kinyume, lakini wahenga hao hawakuishi Igombanilo. Sisi tulikuwa wajenzi kweli, wa nyumba, wa maghala, wa mizinga ya nyuki ya magome, na kila tulichojenga kilitoka kwenye msitu mmoja wa miyombo nyuma ya kijiji.

Kabula, weka shoka chini ukae. Nimekwambia, "Kisiki si kaburi," ukacheka, ukauliza nani alisema neno hilo. Lina mwanzo wake, na mwanzo wake ni huu. Nawe Sizya endelea kumenya karanga; masikio hayamenyi.

Msitu ule uliitwa Itunda, na mtunzaji wake alikuwa Mzee Lugusha, Mnyamwezi wa nyuki. Miyombo ilipochanua, ungesikia mvumo ukadhani kuna kijiji kingine kinazungumza humo ndani. Sisi tulikuwa Wasukuma wahamiaji. Baba yangu alikuja na ng'ombe kutafuta malisho. Nilikuwa msichana mwenye mdomo. Bado ninao.

Itunda haikuisha kwa siku moja. Watu waliibambua magome, na mti uliobambuliwa pande zote hukauka ukiwa umesimama. Wakakata nguzo. Ng'ombe wa baba na mbuzi wa kila mtu wakatafuna kila chipukizi lililothubutu kuchungulia, kwa hiyo miti mikubwa ilipoondoka hapakuwa na midogo ya kurithi. Kisha kiangazi kimoja ukapita moto, ukaacha visiki vyeusi na majivu. Nyuki wakahama. Mzee Lugusha akasogezewa ugali, naye akausogeza pembeni.

Mwanawe Mihambo, kijana mrefu mwenye haraka, akaita majirani wang'oe visiki ili alime tumbaku. Hakuwa na ubaya. Alidhani akiyafuta mabaki, baba yake atasahau na kula.

Siku ya kazi wakaja na majembe. Mzee akakalishwa kwenye kigoda ashuhudie. Mihambo akachimba shimo kubwa kando ya kisiki cha kwanza, na mzee akasema kwa sauti ndogo, "Chimbeni tu. Msitu wangu umekufa."

Mnajua kazi ya mtani msibani? Wengine wakilia, yeye huchekesha. Huingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo, na hatoki mpaka apewe anachotaka. Wala wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Na Mnyamwezi na Msukuma ni watani. Niliposikia neno "umekufa", miguu yangu iliondoka kabla yangu.

Nikaruka shimoni, nikajipaka majivu usoni, nikalia kwa sauti ya Mzee Lugusha mwenyewe: "Uwii, nyuki wangu! Uwii, asali yangu! Nitalamba nini mimi, na meno yamebaki mawili!"

Majirani wakaangua kicheko. Mihambo hakucheka.

"Toka humo, Msukuma wewe. Tuna kazi."

"Kazi gani msibani? Baba yako ametangaza kifo, na mtani wenu nimefika. Sitoki mpaka nipewe changu."

"Unataka nini? Kuku?"

"Kuku wenu wamekonda kama nyinyi. Nataka msimu mmoja wa mvua. Mpaka uishe, jembe lisiingie humu, wala shoka, wala mbuzi."

Baba yangu akapaza sauti, "Milembe! Na ng'ombe wetu wakale wapi?"

"Mbali, baba. Kwetu tulilisha mpaka tukabaki na vumbi. Ndiyo maana tuko huku."

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika ya lolote, ila nilikuwa nimeona jambo moja. Jembe la Mihambo lilikuwa limekwangua mzizi, na chini ya gome lake palikuwa na ubichi, maji yakichuruzika. Nikaushika.

"Mzee," nikasema, na safari hii kwa sauti yangu, "maiti yako inatoka damu."

Mzee Lugusha akainuka kwenye kigoda chake, akapiga magoti ukingoni, akaugusa ule mzizi kwa kidole.

"Mpeni mtani haki yake," akasema.

Tukazungushia miiba. Ng'ombe tuliwapeleka mbali, na aliyewaswaga ni mimi, mpaka nyayo zikapasuka; utani una gharama yake. Mvua ziliponyesha, machipukizi yakatokea shinani mwa visiki, na mengine katikati ya uwanda mtupu ambako hakuna aliyepanda mbegu. Mzee akachagua mawili yaliyosimama mbalimbali, akafukua udongo kwa mikono kutoka moja hadi lingine. Yote mawili yalikuwa yameota kwenye mzizi mmoja. Miti mikubwa ilipoanguka, jua lilifika chini, na mizizi iliyolala kivulini ikaamka.

"Nimemlilia aliye hai," akasema Mzee Lugusha huku akicheka na kufuta macho kwa mikono yenye tope. "Kisiki si kaburi." Jioni ile akaomba ugali, akaongezewa.

Mihambo naye akaja kwetu, amekunja uso. Alitaka nimwombe radhi kwa kuigiza kilio cha baba yake mbele za watu. Nikamjibu kwamba mtani haombi radhi. Akarudi kesho yake kuidai. Akarudi na kesho kutwa. Baba akachoka, akamwuliza, "Kijana, unadai radhi au unadai binti?"

Ndiyo, Kabula, ni babu yenu huyo. Nyuki waliporudi Itunda, asali ya kwanza alinilambisha kwa kidole chake, na hapo hapo akanikumbusha ile radhi. Aliidai mpaka vichwa vyetu vyote viwili vikawa vyeupe. Hata siku ya mwisho alinishika mkono akasema, "Milembe, leo je?"

Nilimpenda mtu yule kuliko macho yangu. Nikamwambia, "Lala salama, Mnyamwezi. Siombi."

Basi kiache hicho kisiki, mjukuu wangu, na mbuzi wafungwe. Kisiki si kaburi. Na kama umekasirika kwa sababu nimekunyima kuni, kasirika tu.

Siombi radhi.