Unamsalimia Mgonjwa Gani?

Kulikuwa na binti mmoja, mhudumu katika wodi ya wanawake. Asubuhi alifuta sakafu, akabeba mabeseni, akawaogesha akina mama wasioweza kunyanyuka. Mchana alivua gauni la kazi akakimbilia chuo, maana alitaka kuwa muuguzi. Mtihani wa vitendo ulikwisha kumwangusha mara moja. Akianguka tena, masomo yameishia hapo.

Siku ikafika. Akaambiwa amwogeshe mgonjwa kitandani, na mgonjwa mwenyewe ni bibi aliyevunjika nyonga, yule yule anayemwogesha kila asubuhi huku wakitaniana. Si bahati hiyo, wapendwa?

Lakini msimamizi wa mtihani alisimama miguuni pa kitanda, kalamu mkononi. Binti akakauka. Akamkabili msimamizi, akasema kama anayesoma risala: "Ninamsalimia mgonjwa. Ninamweleza mgonjwa nitakachofanya. Ninavuta pazia, kumpa mgonjwa faragha."

Bibi akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Wewe mjukuu wangu, huyo mgonjwa unayemsalimia yuko wapi? Mimi niko huku!"

Kwenye kitanda cha jirani mtu akaanza kucheka ndani ya shuka.

"Bibi, tafadhali," binti akanong'ona, "niko kwenye mtihani."

"Hata mimi niko kwenye mtihani, maji yanapoa! Jana uliniimbia, leo hata shikamoo sisikii. Nimekukosea nini?"

Binti akageuka. Akamtazama bibi usoni, na kicheko kikamtoka mpaka beseni likayumba.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba! Haya, huyu sasa namjua."

Akabadilisha maji, akayapima kwa kiwiko. Akaanza na macho, akifuta kutoka upande wa pua kwenda nje. Akauliza kama nyonga inauma, akafunika kila sehemu aliyoimaliza ili bibi asione baridi. Binti akamsahau kabisa msimamizi. Alipomkumbuka, kalamu ilikuwa imekwisha kurudi mfukoni.

"Umefaulu," msimamizi akasema. "Tangu ulipogeuka."

Wodi ikalipuka kwa vigelegele, na cha bibi kilisikika hadi nje.

Sasa sisi. Tukiingia humu kanisani, mbona tunabadilisha sauti? Mbona tunasema "ninampenda jirani yangu" tukitazama juu, na jirani mwenyewe tumempa mgongo? Nyumbani kuna mama mkwe anayeita kutoka chumbani. Tumemwitikia, au tumemwombea tu?

Najua mnangoja niseme kwamba Mungu ndiye msimamizi, ameshika kalamu, basi tujihadhari. Hapana, wapendwa. Hapo ndipo tunapokosea kitanda.

Mungu ndiye bibi. Ndiye aliyelala pale, anatuita kwa utani, na ametungoja tangu asubuhi apate mtu wa kucheka naye.