Kigoda cha Wasumbo

Cheka, cheka tu! Nimekuona ukimfinya mwenzako pale barazani, mzee wetu alipobanana na mgeni kwenye kigoda kimoja. Sasa tulia nikwambie kigoda kile kilitoka wapi.

Hapo kale mfereji huu wa mlimani ulikuwa wa vijiji vitatu, kila kijiji na kigoda chake barazani. Vijiji vingine vikaomba kujiunga, vikakaribishwa, na vigoda vikagawanywa upya kwa wingi wa watu. Wabande wakapata vinne. Sisi Wasumbo, wachache, tukakosa hata kile cha zamani. Tukaambiwa tusimame nyuma, tutaulizwa.

Kweli tukaulizwa. Wageni walihitaji maji, na baraza likataka kuwapa zamu yetu. Mzee Lukindo wa Wabande, mwenyekiti, akasema, "Wasumbo, mnakubali?" Wazee wetu wakainamisha vichwa, kimya. Kwa Wabande, kunyamaza ni kukubali. Kwetu sisi, jamani, mkubwa humwambii "sitaki" usoni. Unainama, unanyamaza, naye anajua umekataa. Lukindo akatushukuru, na zamu ikaenda.

Magimbi yakanyauka. Watu wakafunga mizigo wahame, kila mtu na upande wake, na Kisumbo chetu kingefia njiani. Lukindo akawakuta darajani, akashangaa.

"Mbona mnaondoka, na maji mliyatoa wenyewe?"

Bibi Nahoza, binti wa Kibande aliyeolewa kwetu, akamjibu, "Baba, walikukatalia mbele ya macho yako. Hukuona walivyonyamaza?"

Lo! Mzee wa watu akaketi palepale chini, akashika kichwa. Kisha akawarudisha, akawapa zamu yao, na wageni akawamegea maji ya Wabande. Akabeba na kigoda kimoja cha kwao, akakiweka mbele kabisa. Wenzake wakanung'unika.

"Vitatu vinatutosha," akawaambia. "Hawa wakihama, umoja huu ni wa nini?"

Mungu amrehemu. Kila nikikinga maji namshukuru.

Na tangu siku hiyo, baraza halipitishi neno mpaka wachache waulizwe kwa lugha yao, na wajibu kwa mdomo. Mwaka huu wamejiunga Wamoreto, wachache kuliko sisi, na kigoda chao seremala hajakimaliza. Wangekaa wapi, mwanangu, kama si kwenye chetu?