Vijana Arobaini wa Bandarini

Mwaka 1970, kampeni za ubunge zilipopamba moto, diwani mmoja aitwaye Mfaume alisimama mbele ya umati wa Nanyamba kuomba kura.

"Zahanati yenu nimeiezeka bati! Kodi ya kichwa nimewafutia! Vijana arobaini wa hapa Nanyamba nimewapatia kazi ya kudumu bandarini Mtwara, na nafasi bado zipo!"

Makofi yalirindima. Athumani alirudi nyumbani amekwisha kata shauri. Hata kabla ya kunawa mikono alimwambia mkewe, Somoe, kwamba watauza mikorosho yao yote, yeye akaajiriwe bandarini.

"Jirani yuko tayari kununua. Keshokutwa tunaandikiana."

Somoe hakukubali mara moja. Mikorosho ile ndiyo iliyowavisha watoto wao wanne.

"Baba Mwajuma, nitajie basi hao arobaini. Mimi nawajua wawili tu, nao ni vibarua."

"Mtu mzima aseme uongo mbele ya halaiki?"

"Sijasema kasema uongo. Nipe siku mbili nikaulize."

Athumani alikubali shingo upande. Kulipopambazuka Somoe alidandia lori la korosho, na kabla ya adhuhuri alikuwa mlangoni kwa karani wa ajira bandarini, kijana mpole aitwaye Stefano.

"Mama, mwaka huu tumeajiri watu kumi na mmoja tu, tena kutoka kila pembe ya nchi," alisema Stefano. "Waliobaki ni vibarua. Meli ikija huitwa, ikiondoka hurudi makwao. Kwa sasa nafasi hakuna."

Somoe alishukuru, akaenda kwa dada yake aliyeishi kijiji cha Mtawanya apate pa kulala. Alasiri hiyo akakuta Mfaume anahutubia hapo hapo.

"Vijana arobaini wa hapa Mtawanya nimewapatia kazi ya kudumu bandarini!"

Somoe hakuamini masikio yake. Maisha yake yote hakuwahi kusema neno mkutanoni. Mwenyekiti alipokaribisha maswali, alisimama.

"Ndugu mgombea, mimi natoka Nanyamba. Jana arobaini hao walikuwa wa kwetu. Leo ni wa Mtawanya. Ni wa wapi hasa?"

Mfaume alicheka. "Mama, kila mahali arobaini. Jumla themanini!"

"Karani wa bandari ameniambia walioajiriwa mwaka huu ni kumi na mmoja. Na kodi ya kichwa unayodai umetufutia imefutwa nchi nzima, hata kwa watu wasiokujua. Bati la zahanati yetu Nanyamba ni kweli. Nilijifungua chini yake, na kwa hilo nakushukuru."

Mbeba magunia mmoja akapaza sauti: "Mama kasema kweli! Mimi kibarua mwaka wa sita huu!"

Watu wakaangua kicheko. Mfaume akasema hesabu alipewa na wasaidizi wake. Hakuna aliyemsikiliza tena.

Somoe aliporudi kwake, Athumani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwa jirani kuvunja mapatano. Siku ya kura, Mfaume aliangushwa vibaya, Nanyamba na Mtawanya pia. Wale vijana arobaini aliwataja Nanyamba siku ya kwanza, wakamponyoka Mtawanya siku ya pili. Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi.