Mkaja wa Mwanaidi

Hapo zamani, mwaka zilipokosekana mvua za vuli, Siti wa kijiji cha Mtondoni alijifungua binti, akamwita Mwanaidi. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mama haikukatika. Matiti yake yakaanza kutoa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano.

Wanawake waliomuuguza wakamwambia, "Kamua uyamwage, hayo ni machafu."

Siti akasema, "Mimi sina siku nyingi. Hii ndiyo kinga nitakayomwachia."

Akanyonyesha siku tatu, amelala ubavu, hawezi kuketi. Siku ya nne akafa.

Jirani yake, Mosi, alikuwa na mwanawe wa miezi minne. Akampakata na Mwanaidi. Huyu titi la kulia, huyu la kushoto. Mumewe akamuuliza, "Yatawatosha wawili?"

"Wakinyonya sana, yatakuja mengi."

Kisha kuharisha kukaingia kijijini. Watoto wachanga waliokwisha kuanzishwa uji na maji ya kisima walizikwa, saba kwa mwezi mmoja. Hawa wawili hawakuonja kitu ila titi, wakapona. Lakini Mosi alikonda hata pete ikawa inamvuka kidoleni.

Aliyemwona ni Time, dada yake Siti, ambaye hakuwahi kuzaa. Akamlimia Mosi shamba, akamtekea maji, akampikia kunde na samaki, na njaa ilipozidi akampa na fungu lake mwenyewe. Akaja mchumba wa kumhamisha mji, Time akamkataa. Mwanaidi alipoachishwa ziwa, akiwa na miaka miwili, Time akamchukua akamlea mpaka akawa mwari.

Siku ya kuolewa ikafika. Watu wa bwana harusi wakaleta mkaja, ile nguo apewayo mama kwa mshipi aliojifunga tumboni baada ya kuzaa. Mkaja ni mmoja, na haukatwi.

Mama yake Siti akasema, "Ni wa mwanangu. Alimzaa, na pumzi zake za mwisho alizimalizia kumnyonyesha. Nipeni mimi nimpokelee."

Mosi akasema, "Siti alinyonyesha siku tatu, mimi miaka miwili. Mwanangu alipungukiwa ili huyu apate. Kuna mtoto kijijini aliyepona maradhi yale bila maziwa ya mama?"

Time akasema, "Mosi, dada yangu, maziwa yale yalitokana na chakula gani? Sikuzaa, sikunyonyesha. Lakini nilikosa kuolewa, na sikuwahi kupata mtoto mwingine wa kuniita mama."

Mosi akainamisha kichwa. Hakuna aliyesema uongo.

Mwanaidi akauchukua mkaja akauweka mapajani, akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtoka. Nje wageni wanangoja, na bibi harusi hatoki mpaka mkaja upokewe.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mkaja ule ulikuwa haki ya nani?